Jogoo wa Shaba na Deni la Nadhiri

Ingia katika makumbusho yoyote ya Ulaya yenye chumba cha Warumi na utawakuta: jogoo, mbwa, fahali, farasi, mbuzi na kondoo dume, wa shaba au wa udongo mweupe, wengi wao wadogo kiasi cha kufunikwa na kiganja. Kibandiko kilicho chini yao hakibadiliki sana kutoka mji hadi mji. Kinasema kwamba kisanamu hiki huenda kilitolewa hekaluni kwa nadhiri. Mara nyingine maelezo hayo ni ya kweli. Lakini yamezoeleka mno, hata yamekuwa jibu la kila kitu kidogo cha kale ambacho kazi yake haijulikani.

Makala haya yanadai kwamba nadhiri ni tendo, si umbo. Jogoo wa shaba hawi wa nadhiri kwa kuwa ni jogoo, wala kwa kuwa ni mdogo na mzuri. Huwa wa nadhiri pale mtu anapoahidi, anapopata alichoomba, anapokuja kulipa, na anapokiacha alichokileta mahali ambapo haruhusiwi kukichukua tena. Tendo hilo halionekani kwa kukitazama kitu chenyewe. Linaonekana, kama linaonekana, kwa kutazama kimelala wapi, pamoja na nini, na kimefanyiwa nini kabla ya kufukiwa. Ili kuipima hoja hiyo nitawaweka Warumi kando ya wengine waliofinyanga, waliochora au waliosubu wanyama wadogo: wanavijiji wa Tamil Nadu, mahujaji wa Japani, makungwi wa Tanganyika, na fundi ambaye simba wake wa shaba alifukuliwa Shanga, kisiwani Pate.

Mkataba wa mtu na mungu

Warumi walipoomba, waliomba kwa masharti ya wazi. Mtu alianza kwa kutamka ahadi: mwanangu akipona, meli yangu ikifika, nikirudi salama kutoka vitani, nitakupa kitu fulani. Kuanzia hapo alihesabiwa kuwa amefungwa na maneno yake. Mungu akitekeleza, deni limeiva na sharti lilipwe; asipotekeleza, hakuna anayemdai mwenziwe. Aliyelipa alipenda kulipa hadharani. Madhabahu za mawe zilizotapakaa kuanzia Uingereza hadi kando ya mto Danube zimechongwa herufi nne, VSLM, ufupisho wa maneno ya Kilatini yanayotangaza kwamba fulani ameitimiza nadhiri yake kwa hiari, naye mungu alistahili.

Msomaji wa Tanga au Mombasa aliyewahi kumsikia mzazi akiweka nadhiri ya kuchinja mbuzi mtoto akipona hatapata taabu kuufuata utaratibu huu, ingawa anayeombwa ni mwingine na imani ni nyingine. Ila kuna jambo moja la kuliangalia. Mbuzi wa nadhiri huliwa. Nyama hugawiwa majirani, mifupa hutupwa, na baada ya mwezi hakuna kilichobaki cha kumwonyesha mtafiti wa miaka 1,000 ijayo kwamba deni lililipwa. Kwa Warumi pia, sehemu kubwa ya yaliyolipwa ilikuwa nyama, keki, divai, maua na ubani. Kinachobaki kabatini ni masalio ya malipo ya aina chache tu, zile ambazo moto, tumbo na mvua havikuzimaliza.

Mfano bora wa namna ahadi hizo zilivyofanya kazi haumo kabatini, umo katika kitabu cha kilimo alichoandika Cato, mwanasiasa na mkulima wa Kirumi, karibu mwaka 160 KK. Anaeleza nadhiri ya kuwaombea ng'ombe wa kulimia afya. Inatolewa kwa miungu Mars na Silvanus, msituni, mchana. Kwa kila kichwa cha ng'ombe zitengwe ratili 3 za unga, ratili 4 na nusu za mafuta ya nguruwe, ratili 4 na nusu za mnofu, na divai. Mtumwa anaweza kuifanya sawa na muungwana. Mwanamke asiwepo wala asione. Ibada ikiisha, chakula kiliwe papo hapo. Mwenye kutaka anaruhusiwa kuirudia kila mwaka.

Katika nadhiri hii ng'ombe ndiye anayeombewa. Anayetolewa ni nguruwe. Sasa chukulia kwamba mkulima mwingine, baada ya ng'ombe wake kunusurika na ugonjwa, alipeleka hekaluni fahali mdogo wa shaba. Sisi tunaomkuta fahali huyo leo twaweza kusema amewekwa badala ya fahali wa kuchinjwa. Kwa mkulima yule maana ingekuwa kinyume kabisa: fahali huyu ndiye niliyemwombea, na yuko hai zizini. Umbo ni moja, maana mbili zinazopingana.

Mbwa wa Lydney

Kuna mahali ambapo ushahidi unasema kwa sauti. Lydney ni kilima kilicho juu ya mto Severn, magharibi mwa Uingereza, ambako mungu aitwaye Nodens alijengewa hekalu. Mwanaakiolojia Mortimer Wheeler na mkewe Tessa walilichimba mwaka 1928 na 1929. Kando ya hekalu walikuta nyumba kubwa ya wageni, mabafu, na jengo refu lenye vyumba vilivyopangana. Wengi wanalisoma jengo hilo kama mahali ambapo wagonjwa walilala wakisubiri ndoto ya kuwaponya. Miongoni mwa vilivyotolewa hapo kuna mkono wa shaba wenye kucha zilizobonyea, dalili ambayo matabibu wa leo wanaihusisha na upungufu wa madini ya chuma mwilini.

Na kuna mbwa, kadhaa, wa mawe na wa shaba. Aliye mashuhuri ni mbwa wa kuwinda wa shaba. Amelala, miguu ya mbele ameinyoosha, shingo ameigeuza nyuma kana kwamba ameitwa, pua ni ndefu na manyoya yamechorwa kwa mikato midogo midogo. Fundi wake aliwajua mbwa. Lakini uzuri huo hautuambii alikuwa wa nadhiri. Kinachotuambia ni kibamba cha shaba kilichopatikana hapohapo, chenye picha ya mbwa anayebweka na maandishi ya Kilatini kibovu kidogo, yanayosema kwamba Pectillus amempa mungu Nodens nadhiri aliyoiahidi. Ahadi imo, malipo yamo, jina la mdaiwa limo, jina la mungu limo, na mbwa yumo. Vitu vyote vitano viko katika kipande kimoja cha metali, na hilo ni nadra sana katika ulimwengu mzima wa Warumi.

Hekalu hilohilo lilitoa bamba la risasi lenye shauri la upande mwingine wa mkataba. Silvianus amepoteza pete. Anamwahidi Nodens nusu ya thamani yake, na anaomba mtu yeyote mwenye jina la Senicianus asipewe afya mpaka pete irudishwe hekaluni. Ni lugha ileile ya madai na malipo, ila hapa afya inazuiliwa badala ya kutolewa.

Kwa hiyo mbwa wa Lydney tunaweza kuwaita wa nadhiri bila kusitasita sana. Hata hivyo, tukishakubali hilo, bado kuna swali la pili: mbwa anamwakilisha nani? Huko Epidauros, Ugiriki, maandishi ya watu walioponywa na mungu Asklepios yanasimulia mbwa wa hekalu waliolamba macho na vidonda vya watoto wakapona. Yumkini mbwa wa Nodens ni mganga msaidizi wa aina hiyo. Yumkini ni mnyama wa mungu mwenyewe. Yumkini Pectillus alikuwa mwindaji na mbwa ni wake. Katika hali zote tatu, mbwa si mbadala wa mbwa wa kuchinjwa.

Jogoo wa kaburini na mbwa wa kalibu

Mwaka 2011, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba makaburi ya Kirumi upande wa magharibi wa mji wa Cirencester, Uingereza, walifungua kaburi la mtoto wa umri wa miaka 2 hivi, aliyezikwa katika karne ya 2 BK. Alikuwa na chombo cha udongo cha kumnyweshea maziwa. Alikuwa pia na jogoo wa shaba mwenye urefu wa sentimita 12.5, kifua na mabawa yamejazwa enameli ya rangi katika vijumba vilivyopangwa kwa ustadi, mdomo wazi kana kwamba anawika. Jogoo alikuwa ndege wa mungu Mercury, na Mercury ndiye aliyeongoza roho za wafu. Ni rahisi kuona kwa nini wengi wanasema wazazi walimweka jogoo huyo ili mtoto asipotee njiani.

Huenda ni kweli. Lakini tuupime mkataba wa nadhiri hapa. Kama wazazi waliweka nadhiri, bila shaka waliweka ili mtoto apone. Mtoto hakupona. Deni halikuiva, na Mrumi hakulazimika kumlipa mungu aliyeshindwa kutoa. Jogoo wa Cirencester anaweza kuwa zawadi, kinga, kiongozi wa safari, au kitu ambacho mtoto alipenda kukishika. Nadhiri iliyotimizwa ndiyo pekee ambayo hawezi kuwa kwa urahisi. Wenziwe wa umbo lilelile waliopatikana kwingine katika mikoa ya kaskazini magharibi ya dola hawawezi kurithi maana yake wala yeye kurithi yao; kila mmoja ana shimo lake na majirani zake.

Jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika kazi za bonde la mto Allier, katikati ya Ufaransa ya leo. Katika karne ya 1 na ya 2 BK wafinyanzi wa huko walitoa visanamu kwa wingi kutoka katika udongo mweupe: miungu ya kike, mama wanyonyeshao, na wanyama wa kila namna, farasi, mbwa, fahali, kuku. Walitumia kalibu za vipande viwili. Udongo ulikandamizwa katika kila kipande, nusu mbili zikaunganishwa zingali mbichi, mshono ukalainishwa, kisha vikachomwa. Baadhi ya mafundi waliandika majina yao. Huko Gaul, yaani Ufaransa ya kale, Pistillus ni miongoni mwa wanaojulikana sana. Visanamu vya aina hiyo vimechimbuliwa mahekaluni, makaburini na katika nyumba za watu, hadi Uingereza. Mbwa wawili waliotoka katika kalibu moja wangeweza kuachana sokoni, mmoja akaenda kwenye chemchemi takatifu na mwingine kwenye kitanda cha mtoto. Muuza kanga naye hajui kama doti aliyoiuza itakwenda harusini, itambebea mtoto au itamfunika maiti. Maana huanza baada ya kulipia.

Tendo lenyewe la kupeleka tumechongewa na mahujaji. Kwenye chanzo cha mto Seine, kaskazini magharibi mwa Dijon, palikuwa na hekalu la mungu wa kike Sequana. Mwaka 1963 palifukuliwa mamia ya vitu vya nadhiri vya mbao vilivyohifadhiwa na tope: vichwa, miguu, viungo vya ndani vya mwili, na wanyama wachache. Sanamu za mawe za hapohapo zinaonyesha watu wamesimama wakiwa na zawadi mikononi, mmoja wao mtoto aliyebeba kijibwa. Tope hilo ni la thamani kuliko shaba nyingi, kwa sababu limetunza pamoja mahali, wingi na aina ya vitu.

Je, mnyama wa shaba ni mbadala wa mnyama hai?

Maelezo yanayopendwa zaidi kuhusu visanamu hivi ni ya umaskini: asiyeweza kununua fahali alitoa fahali wa udongo. Ushahidi wa kale upo. Servius, mwalimu aliyeandika maelezo ya kazi za mshairi Virgil karibu mwaka 400 BK, anasema kwamba katika ibada vitu vya kuiga vilikubaliwa kama vya kweli, na kwamba mnyama aliyekuwa adimu aliweza kutengenezwa kwa mkate au nta. Karne nyingi kabla yake, mwanahistoria wa Kigiriki Herodotus alieleza kwamba maskini wa Misri walifinyanga nguruwe wa unga, wakamwoka na kumtoa kafara.

Lakini vitu wanavyovitaja ni mkate, nta na unga. Mbadala unaoshuhudiwa na waandishi umekwisha kuoza na kuliwa, ilhali vilivyobaki ni shaba na udongo uliochomwa, ambavyo waandishi hao hawavitaji. Tumechukua maelezo ya kitu kimoja tukakivisha kingine. Tena hesabu ya umaskini haikubaliani na shaba. Jogoo wa enameli alihitaji msubu metali, mjazaji wa rangi, tanuri na siku za kazi. Jogoo hai alizurura uani kwa kila mkulima. Ni vigumu kuamini kwamba wa kwanza alinunuliwa kwa kumkosa wa pili.

Uley, katika jimbo lilelile la Gloucestershire zilimo Lydney na Cirencester, panatupa njia ya kulipima jambo hili. Hekalu la Mercury la huko lilichimbwa kati ya 1977 na 1979. Mercury aliabudiwa akiwa na kondoo dume na jogoo miguuni, na vipande vya sanamu yake kubwa vimepatikana. Mifupa iliyofukuliwa ilikuwa mingi mno, na iliyotawala ni ya mbuzi, kondoo na kuku. Yaani mungu alipelekewa wanyama wake wenyewe, wenye damu na nyama. Mahali ambapo jogoo hai alichinjwa kila msimu, jogoo wa metali hakuwa na sababu ya kumwakilisha. Kama aliletwa, aliletwa kusema jambo ambalo nyama haiwezi kusema, hasa kubaki. Nyama huisha siku ileile. Shaba humkumbusha mungu, na pia wapita njia, kwamba fulani si mwenye kudaiwa.

Wagiriki waliwatangulia Warumi katika hili. Olympia imetoa maelfu ya farasi na fahali wadogo wa shaba na udongo, wa kati ya karne ya 10 na ya 8 KK, wengi wakiwa katika tabaka jeusi la majivu kuzunguka mahali pa madhabahu ya Zeus. Mabaki ya usubuji yanaonyesha kwamba baadhi yao walitengenezwa hapohapo. Hujaji alifika na mali yake, akanunua farasi, akamwacha. Na palepale majivu ya madhabahu yalikuwa ya wanyama halisi. Kwa mara nyingine, kisanamu na kafara viko bega kwa bega. Kimoja hakikuchukua nafasi ya kingine.

Farasi wa kupandwa na mungu, farasi wa kuandikwa

Vijijini Tamil Nadu, kusini mwa India, mungu mlinzi aitwaye Aiyanar hupewa farasi wa udongo uliochomwa. Baadhi ni warefu kuliko mtu, na wamo miongoni mwa kazi kubwa kabisa za mfinyanzi duniani. Hutolewa kwa nadhiri: kwa mvua, kwa mtoto, kwa kupona. Wafinyanzi wanaowatengeneza mara nyingi ndio pia makuhani wa hekalu. Na hapa waumini wapo, wanaweza kuulizwa. Jibu lao ni kwamba Aiyanar na askari wake huzunguka mipaka ya kijiji usiku wakifukuza maovu, na wanahitaji vipando. Farasi wa udongo hajachukua nafasi ya farasi wa kuchinjwa. Ni kifaa cha kazi cha mungu. Akishakabidhiwa huachwa nje, mvua humla, miguu hukatika, na hakuna anayemkarabati. Sherehe ijayo huletwa mpya.

Jambo la pili la kujifunza India liko kaskazini zaidi. Farasi wa udongo wa Panchmura, wilaya ya Bankura, Bengali Magharibi, alitolewa kwa miungu ya kijiji, Dharmathakur akiwa mmojawapo. Leo farasi huyohuyo, shingo ndefu na masikio yaliyosimama, anauzwa kama pambo la sebuleni na anatambulika kote India kama alama ya kazi za mikono. Mwanaakiolojia wa baadaye atamkuta chini ya mti mtakatifu na atamkuta kwenye rafu ya nyumba ya Kolkata. Akitegemea umbo, lazima akosee mahali pamoja.

Japani inatoa kisa ambacho mbadala ni wa kweli, na kwa hiyo kinatusaidia kuona mbadala unavyofanana. Kumbukumbu za zamani zinaeleza kwamba farasi hai walipelekwa katika mahekalu ya Shinto, mweusi kuomba mvua, mweupe kuomba ikome. Baadaye watu walipeleka ubao uliochorwa farasi, uitwao ema, na mbao za namna hiyo zimefukuliwa tangu enzi ya Nara, karne ya 8. Hapa mfululizo unafuatika: mnyama, kisha picha yake, mahali palepale, ombi lilelile. Lakini safari haikuishia hapo. Ema ya leo ina picha ya chochote, na nyuma yake mwanafunzi huandika kwamba anaomba kufaulu mtihani wa kuingia chuo. Isitoshe, huandikwa kabla ya kupata, si baada. Ni ombi, si malipo. Roma ya VSLM ingeona ajabu mtu anayetoa kitu kabla deni halijaiva.

Udongo wa unyago na simba wa Shanga

Afrika Mashariki ina sababu yake ya kuwa makini na jibu la haraka. Mwaka 1956 Hans Cory, aliyefanya kazi ya utafiti wa jamii kwa serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu kuhusu visanamu vya udongo vilivyotumika katika jando na unyago, miongoni mwa Washambaa, Wazigua, Wapare na jamii jirani. Vingi havikuchomwa. Vilikuwa vya watu, vifaa vya nyumbani na wanyama. Kila kimoja kilikuwa na wimbo wake na funzo lake: heshima kwa wakwe, uaminifu katika ndoa, wajibu wa mzazi, hatari ya uchoyo. Kungwi alikionyesha, wimbo ukaimbwa, mwali akafunzwa. Siri ilikuwa katika wimbo. Udongo ulikuwa kishikizo tu cha kukumbukia.

Ondoa wimbo, mfukie mnyama huyo kwa miaka 1,800, kisha mpe mtaalamu wa Ulaya. Ni mdogo, ametengenezwa kwa mkono, ametoka mahali pa ibada, hana kazi ya jikoni wala shambani. Kibandiko kitajiandika chenyewe: huenda ni cha nadhiri. Kumbe hakuahidiwa mungu yeyote. Alikuwa mwalimu. Na karibu naye, katika jamii za wafugaji, kuna wale ng'ombe ambao watoto wachungaji huwafinyanga kando ya mto, wenye pembe ndefu na nundu zilizotiwa chumvi. Nao ni wanyama wadogo wa udongo, na kazi yao ni mchezo.

Kisha yuko simba. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga, mji wa kale wa Waswahili kisiwani Pate. Miongoni mwa vilivyopatikana ni simba mdogo wa shaba katika tabaka la takriban mwaka 1100. Mwaka 1988, Horton na Richard Blurton walichapisha uchambuzi wake katika jarida la Antiquity, wakionyesha kwamba mtindo wake unakaribiana na kazi za shaba za kidini za Deccan, India. Shanga ilikuwa imeswali katika misikiti yake kwa karne tatu hivi. Je, simba alikuwa wa altare ya nyumbani ya mfanyabiashara wa Kihindu? Je, alisubiwa pwani hii na fundi aliyezijua sanaa za India? Je, alikuwa shaba tu, mzigo wa biashara uliosubiri kuyeyushwa? Maswali hayo yana maana kwa sababu tabaka linajulikana. Tunajua simba alikuwa katika mji gani, wakati gani, watu wake wakila nini na wakiswali wapi. Angeokotwa ufukweni na kuuzwa, angebaki simba mzuri tu, na kila muuzaji angempa dini anayoitaka mnunuzi.

Vipimo vya kutumia

Mila hizi zikiwekwa pamoja, mambo manne yanajitokeza kuwa ushahidi wa nadhiri, na umbo la mnyama halimo.

La kwanza ni mahali: ndani ya eneo takatifu, kwenye chemchemi, katika shimo la hekalu. Mali ya mungu haikuruhusiwa kutoka. Rafu zilipojaa, makuhani waliifukia hapohapo. La pili ni kurudiarudia. Mbwa mmoja ni tukio. Mbwa kadhaa katika hekalu la mungu mmoja, kama Lydney, ni desturi. La tatu ni kuondolewa matumizini. Vipini vya nguo vyenye umbo la farasi na mpandaji vimekutwa kwa wingi usio wa kawaida katika mahekalu ya Uingereza kama Hockwold cum Wilton na Lamyatt Beacon. Viliundwa kuwa mapambo ya kuvaliwa. Kilichovigeuza ni mwenyewe kuvivua na kuviacha. La nne ni maandishi, na Pectillus anatosha kuonyesha thamani yake.

Kuna pia kipimo cha kukataa, ambacho hupuuzwa kwa kuwa hakivutii: mgeuze mnyama umtazame chini. Mwenye msumari tumboni alichomekwa juu ya kitu, pengine kifuniko cha sanduku. Mwenye tundu la duara mgongoni au nyuma alikuwa mpini wa kisu au wa ufunguo. Mwenye risasi ndani anaweza kuwa jiwe la mizani. Hao wote wangeweza bado kutolewa hekaluni, lakini hawakuzaliwa kwa kazi hiyo.

Tatizo kubwa la leo ni kwamba wanyama wengi wa Kirumi wanaojulikana Uingereza hawatoki katika machimbo ya kitaalamu. Wanatoka mashambani, wakiwa wamefukuliwa na watu wenye vifaa vya kugundua metali. Mpango wa kitaifa wa Uingereza na Wales wa kuandikisha vitu hivyo ulianza mwaka 1997, nao umefanya kazi kubwa: jogoo aliyeokotwa shambani sasa ana picha, vipimo na jina la eneo. Jembe la trekta, hata hivyo, lilikwisha kumtoa katika tabaka lake kabla hajaokotwa. Alama ya mahali kwenye ramani inaweza kuonyesha kwamba vitu vya namna moja vinarundikana karibu na hekalu lisilojulikana, na hapo kipimo cha kwanza na cha pili vinaanza kufanya kazi. Kisanamu kimoja bila alama hiyo hakiwezi kufanya kazi yoyote.

Kwa hiyo kibandiko cha makumbusho kinahitaji kupangwa upya. Kianze na mahali na majirani: shimo gani, hekalu gani, kaburi la nani, pamoja na mifupa ya mnyama gani. Kifuate na alama za mwilini, msumari au tundu au mvunjiko. Nadhiri itajwe pale tu inapoweza kuonyeshwa deni na malipo yake, na hata hapo kisanamu kisidhaniwe kuwa ni sadaka ya maskini aliyekosa mnyama hai, kwa sababu, ukiacha mkate, nta na unga wa waandishi wa kale, katika mila zote zilizopita hapa ni Japani peke yake inayotuonyesha mnyama akigeuka picha yake. Wengi wa wanyama wale wa kabatini wataondolewa cheo hicho. Watakaobaki nacho watakuwa wachache, wa Lydney na wa aina yao, na kauli juu yao itaaminika.